Harry Johnston hakuja kuchuma maua tu



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji habari za Mwingereza mmoja, Harry Johnston, ambaye vijana wengi wa huku mlimani hawamjui. Kinachonisukuma kuandika ni hadithi ninayoisikia hadi leo, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi ni tamu lakini si kweli. Mpaka ulikubaliwa mwaka 1886, na mjukuu huyo alitawazwa mwaka 1888. Tukitaka kujua mambo yalivyokwenda, tumtazame huyu bwana.

Johnston alizaliwa London mwaka 1858. Alisomea uchoraji na lugha. Mimea na wanyama aliwapenda tu. Mwaka 1884, akiwa kijana wa miaka 26, vyama vya wataalamu wa Uingereza vilimtuma Kilimanjaro kukusanya mimea, ndege na wadudu. Huko Unguja alisaidiwa na balozi John Kirk, naye mpenzi wa mimea, akapanda na wapagazi wa pwani mpaka Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara.

Kazi ya kukusanya aliifanya vizuri, hilo tusimnyime. Alifika juu, kwa hesabu yake, karibu mita 5,000, akipitia upande wa Marangu baada ya kutoelewana na Rindi. Ule mmea mkubwa wenye shina nene na majani kama kabichi, ambao mgeni yeyote apandaye mlima huupiga picha, wataalamu waliuita kwa jina lake. Vivyo hivyo chozi mwenye mkia mrefu anayefyonza maua ya huko juu. Wapagazi waliobeba mizigo hiyo hawakupewa hata jani moja.

Lakini Julai mwaka huo huo alikuwa amekwisha iandikia serikali ya London kwamba nchi hii ni baridi, ina maji na rutuba, inafaa Waingereza waje kukaa. Septemba akawa Taveta, akawatia wazee saini kwenye karatasi za kumpa ardhi. Mtu aliyetumwa kuleta majani makavu akarudi na mikataba! Karatasi hizo ziliingia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiingereza, ambao mwaka 1888 walipata kampuni yao ya kutawala Afrika Mashariki.

Mwaka 1885 mambo yalikuwa ya mbio. Sultani Barghash alimtuma Jenerali Mathews na bendera yake, na Mjerumani Jühlke naye akaja na mkataba wake. Rindi aliwapokea wote. Wako wanaomcheka, mimi simcheki. Alikuwa na maadui Kibosho na alitafuta rafiki mwenye bunduki. Mwaka 1886 London na Berlin wakapiga mstari kutoka pwani mpaka Ziwa Victoria. Ulipofika kwetu ulipinda, mlima ukaenda kwa Wajerumani na Taveta, penye karatasi za Johnston, ikabaki kwa Waingereza. Ndiyo sababu mama wa Kirua Vunjo anayepeleka ndizi soko la Taveta anavuka mpaka wa nchi.

Johnston aliendelea kupanda cheo. Mwaka 1887, huko delta ya Niger, alimwita Mfalme Jaja wa Opobo waje kuzungumza kwa amani, kisha akamkamata na kumhamisha. Jaja alikufa mwaka 1891 kabla hajafika kwao. Akatawala Nyasaland, kisha mwaka 1900 akafunga mkataba wa Buganda uliogawa ardhi kwa wakubwa na kuwaacha wakulima wengi wapangaji. Wakati huo huo, kwa msaada wa Wambuti wa msitu wa Kongo, alipata habari za okapi, na ngozi na mafuvu aliyopeleka London mwaka 1901 yalionyesha kuwa ni ndugu wa twiga. Mnyama huyo naye ana jina la Johnston.

Kwao aligombea ubunge mara mbili, mwaka 1903 na 1906, akashindwa zote mbili. Aliyeamua mambo ya Taveta na Buganda bila kupigiwa kura hata moja, kwao hakupata za kutosha. Alifariki mwaka 1927.

Msomaji wako,
Kirua Vunjo, Moshi.