Joseph Merinyo: Mzee aliyewaunganisha wakulima wadogo wa kahawa Kilimanjaro

Mkulima wa Kilimanjaro anapopeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, ikapimwa na kuandikwa kitabuni, huliona hilo kuwa jambo la kawaida. Lakini haki ya mkulima mdogo kulima kahawa na kuiuza pamoja na wenzake ilipiganiwa. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele ni marehemu mzee Joseph Merinyo wa Old Moshi.

Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga waipande vihambani, chini ya migomba. Merinyo alikuwa mmoja wa Wachagga waliofanya kazi karibu naye. Watu waliitikia haraka, kwani kahawa iliwapa fedha za kodi, ada za shule na mabati bila kulazimika kwenda kufanya kibarua.

Walowezi wa Kizungu hawakufurahi. Walidai kuwa mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa na wadudu hadi kwenye mashamba yao. Zaidi ya hayo, mtu mwenye kahawa yake mwenyewe hangekuwa na haja ya kwenda kuwachumia wao. Hofu ya wakulima ilikuwa ya kweli. Katika nchi jirani ya Kenya, Waafrika walizuiwa kulima kahawa ya arabika hadi miaka ya 1930, walipoanza kuruhusiwa kidogo kidogo.

Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, kilichojulikana kwa kifupi kama KNPA. Merinyo akawa rais wake wa kwanza.

Hoja ya chama ilikuwa nyepesi kueleweka. Kama kisingizio ni wadudu, basi wakulima wenyewe wawe wa kwanza kuwaua. Kwa hiyo chama kilishughulikia mabomba ya kupulizia, dawa na usafi wa mashamba. Jambo la pili lilikuwa soko. Mwenye debe moja la kahawa, akienda peke yake kwa mfanyabiashara, hupokea bei anayotajiwa. Maelfu wakiunganisha mizigo yao, mnunuzi hulazimika kuzungumza nao.

Nguvu hiyo ndiyo iliyoleta maadui wapya. Wanachama walipoanza kuuliza pia habari za ardhi yao, serikali ya kikoloni na baadhi ya mamangi walianza kukiona chama kama mpinzani wa utawala. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1929, uchumi wa dunia ulianguka na bei ya kahawa ikaanguka nao. Madeni na mahesabu ya chama vikawa hoja kubwa mikononi mwa waliotaka kukidhibiti. Mwaka 1931 Merinyo aliondolewa kwenye uongozi.

Chama chenyewe hakikudumu baada ya hapo. Serikali ilitunga sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na mwaka 1933 KNCU ikachukua nafasi ya KNPA, ikiwa na vyama vya msingi chini yake na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett. Safari hii wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yao kupitia chombo hicho tu. Wengi walihisi kuwa chama walichokianzisha wenyewe kimegeuka kuwa cha wakubwa. Bei iliposhuka, mwaka 1937 baadhi yao walivamia maghala ya kahawa na kuyabomoa.

Hata hivyo mbegu haikufa. KNCU ilikuja kuwa moja ya vyama vya ushirika vilivyosifika sana Afrika, na mji wa Moshi ukapata chuo cha ushirika mwaka 1963. Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa nchini mwaka 1976, wakulima wa Kilimanjaro hawakusahau desturi ya kuuza pamoja, na KNCU ilirudi mwaka 1984.

Ndugu mkulima, na wewe mwenye duka au genge, maisha ya mzee Merinyo yana mafunzo mawili. La kwanza, mdogo hapati bei nzuri akiwa peke yake. Awe anauza kahawa, ndizi au maziwa, wenzake ndio mtaji wake wa kwanza. La pili, chama huanza kufa mahesabu yake yanapokuwa siri ya wachache, kwani hapo adui hupata mlango wa kuingilia. Mwanachama anayehudhuria mkutano na kuuliza fedha zimekwendaje si mkorofi. Huyo ndiye mlinzi wa chama, na chama kinachomsikiliza ndicho kinachodumu bei inaposhuka.