Louis Pasteur: Mtu aliyeonyesha kwa nini pombe huharibika

Mjini Tunduma, matufaa ya Afrika Kusini huvuka mpaka kwa malori na kuuzwa sokoni. Mengine hulimwa mkoani Njombe. Juisi ya tunda hilo ikitiwa hamira na kuachwa siku kadhaa, hugeuka pombe. Lakini yeyote aliyewahi kutengeneza pombe nyumbani, iwe ya matufaa au kimpumu cha ulezi, anaijua hofu yake: ndoo moja hutoka vizuri, ya pili hugeuka siki, na mtaji wote humwagwa. Zamani maelezo yalikuwa mepesi: ni mkosi, au ni mkono wa mtu.

Aliyetoa jibu la uhakika ni Mfaransa Louis Pasteur. Wengi tunamfahamu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa na kwa maziwa ya pakiti. Tunachosahau ni kwamba njia yake ya kuelekea kwenye magonjwa ya binadamu ilipitia kwenye mapipa ya pombe.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi aliyewahi kuwa askari wa Napoleon. Kijana huyo alikulia Arbois, eneo la mashamba ya zabibu, kisha akasomea kemia Paris.

Mwaka 1854 alipelekwa Lille kuongoza kitivo cha sayansi. Miaka miwili baadaye, baba wa mmoja wa wanafunzi wake alimwendea akiwa na shida. Kiwanda chake kilitengeneza spiriti kwa juisi ya bitiruti, na baadhi ya mapipa yalikuwa yakichachuka na kumtia hasara. Pasteur alichukua matone na kuyaweka chini ya hadubini. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo za chachu. Katika yale yaliyoharibika aliona vijidudu vingine, vidogo zaidi na vyembamba kama vijiti.

Wakati huo mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, alishikilia kwamba kuchacha ni kuoza tu kwa kemikali. Waliotangulia kusema kuwa chachu ni kiumbe hai walidhihakiwa. Kuanzia mwaka 1857 Pasteur alionyesha kwa majaribio kwamba kila aina ya kuchacha ina kiumbe chake: mmoja huleta pombe, mwingine huchachusha maziwa, mwingine huleta siki.

Mwaka 1863 mfalme Napoleon wa Tatu alimwomba achunguze kwa nini mvinyo wa Ufaransa ulikuwa ukiharibika. Pasteur aligundua kwamba mvinyo ukipashwa moto kwa muda mfupi, kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi, vijidudu vinavyouharibu hufa bila kinywaji chenyewe kuchemka. Njia hiyo ndiyo iliyopewa jina lake.

Miaka hiyo ilikuwa ya msiba nyumbani kwake. Kati ya 1859 na 1866 alizika mabinti watatu, wawili wakiwa wameuawa na homa ya matumbo. Mwaka 1868 alipata kiharusi kilichomwachia udhaifu upande wa kushoto. Hakuacha kazi. Mwaka 1876 alitoa kitabu kuhusu bia, na Julai 1885 alimtibu kwa chanjo mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895, akiwa na miaka 72, na amezikwa katika taasisi yenye jina lake mjini Paris.

Kwa anayekamua matufaa Tunduma au Vwawa, somo lake linatumika vilevile. Chombo kioshwe kwa maji ya moto, kwa sababu vijidudu hujificha kwenye mabaki. Juisi ipashwe moto bila kuchemka, kisha ipoe kabisa kabla ya kutiwa hamira, maana joto linaloua vijidudu vibaya huua na hamira pia. Kiumbe wa siki anahitaji hewa, kwa hiyo chombo kifunikwe vizuri. Hata hivyo hamira hutoa gesi, nayo lazima ipate pa kutokea. Mrija unaotoka kwenye mfuniko na kuishia ndani ya glasi ya maji unatosha. Anayefunga chupa kabla mapovu hayajaisha huenda akaikuta imepasuka.

Ndoo iliyochachuka, basi, haina mkosi. Ina mgeni asiyealikwa, na Pasteur alituonyesha mlango anaopitia.