Maisha ya Dokta Bernard Brodie, Mpimaji wa Dawa Mwilini

Katika elimu ya dawa jina la Bernard Brodie linajulikana dunia nzima. Hapa Ushirombo ni wachache waliolisikia, lakini kazi yake imo majumbani mwetu, maana yeye na mwenzake ndio walioifanya dawa tunayoiita Panadol ikumbukwe baada ya kusahauliwa miaka mingi.

Bwana Brodie alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1907, katika mji wa Liverpool, Uingereza. Angali mtoto mdogo wazazi wake walihamia Ottawa, nchi ya Kanada. Aliacha shule kabla ya kumaliza masomo, akaingia jeshini. Huko alijifunza ndondi hata akawa bingwa wa jeshi la Kanada. Alipotoka jeshini alirudia vitabu kwa bidii, akaingia Chuo Kikuu cha McGill, akapata shahada ya kemia mwaka 1931. Mwaka 1935 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha New York, Marekani. Basi udaktari wake ulikuwa wa kemia, wala hakuwa mganga wa kutibu wagonjwa.

Katika Vita Kuu ya Pili kwinini iliadimika, kwa kuwa Wajapani waliteka kisiwa cha Java ilikokuwa ikitoka. Ikabidi askari wapewe vidonge vya manjano vya mepakrini ili kuzuia malaria. Askari wa K.A.R. kutoka Tanganyika waliopigana Burma mwaka 1944 walivijua sana vidonge hivyo. Lakini kipimo chake kilikuwa taabu: watu waliugua tumbo, na homa ilichelewa kushuka. Brodie na wenzake katika hospitali ya Goldwater, New York, wakatafuta njia ya kuipima dawa hiyo ndani ya damu. Wakaona kuwa sehemu kubwa yake huingia katika nyama za mwili, na katika damu hubaki kidogo tu. Ndipo ilipojulikana kwamba siku ya kwanza mgonjwa apewe kipimo kikubwa, kisha aendelee kwa vipimo vidogo. Tangu hapo kila dawa aliyoishughulikia Brodie aliitafuta kwanza ndani ya damu.

Mwaka 1948 yeye na Julius Axelrod walionyesha kwamba asetanilidi, dawa ya zamani ya maumivu iliyodhuru damu, hugeuzwa mwilini kuwa parasetamoli, na kwamba hiyo ndiyo iondoayo maumivu. Axelrod naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Kisha Brodie aligeukia dawa za usingizi. Tangu mwaka 1934 waganga walikuwa wakiwadunga wagonjwa thiopentali katika mshipa. Mgonjwa alilala kabla ya dakika moja kwisha, na baada ya dakika chache aliamka. Watu wakadhani kuwa mwili umekwisha kuiharibu dawa yote. Mwaka 1950 Brodie na wenzake walipima damu, wakaona sivyo: ini huiharibu dawa hiyo polepole sana, na sehemu kubwa imejificha katika mafuta ya mwili. Mnada ukiisha uwanja huwa mtupu, lakini watu hawakupotea, wametawanyika makwao. Ndivyo dawa inavyoondoka katika ubongo. Mwaka 1960 Henry Price alisahihisha jambo moja, akaonyesha kuwa mwanzoni dawa hukimbilia zaidi katika misuli, na mafuta huijaza polepole baadaye. Kwa sababu hiyo mtu akidungwa mara nyingi, ghala za mwili hujaa, na usingizi wake huwa mrefu wa kuhatarisha maisha.

Mwaka 1958 Brodie, Quinn na Axelrod walitangaza habari za dawa nyingine ya usingizi, heksobabitali. Kwa kipimo kilicholingana na uzito, panya wadogo walilala dakika 12 hivi na sungura dakika 49, lakini mbwa, ingawa walipewa nusu ya kipimo, walilala zaidi ya saa 5. Tena katika panya wakubwa, majike walilala muda mrefu kuliko madume, kwa sababu maini ya madume huiharibu dawa upesi zaidi. Majike walipopewa homoni ya kiume usingizi wao ulipungua; madume walipopewa homoni ya kike usingizi wao uliongezeka.

Je, wanadamu nao ni hivyo? Asiyepima angejibu ndiyo, naye angekosea. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999, wagonjwa walilazwa kwa propofoli pamoja na dawa nyingine. Dawa zilipokatwa, wanawake waliamka baada ya dakika 7 hivi, wanaume baada ya dakika 11. Kwa hiyo mwanamke akipewa kipimo kilichokadiriwa kwa mwanamume anaweza kuamka mapema kuliko inavyotazamiwa. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi huuliza uzito, umri, maradhi na dawa alizotumia mgonjwa, wala haondoki kando yake mpaka kazi imekwisha.

Brodie alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 1967, akafariki mwaka 1989 huko Virginia, Marekani.

Vijana wenzetu tujifunze kwake. Dawa iliyomfaa kaka si lazima imfae dada kwa kipimo kile kile, wala ya baba haimfai mtoto. Tusigawane vidonge kama karanga. Na mzazi wetu akiingia chumba cha upasuaji, tusimfiche mganga lolote analouliza, hata ikiwa ni dawa ya mitishamba iliyonywewa nyumbani usiku. Kwa majibu hayo hupangwa kipimo, na kipimo ndicho kitakachomlaza salama na kumwamsha salama.