Mtoro bin Mwinyi Bakari

Mtoro bin Mwinyi Bakari (Dunda, karibu na Bagamoyo, 1869 hivi – Berlin, 1927) alikuwa mwalimu na mwandishi wa Kiswahili kutoka pwani ya Mrima, katika Tanzania ya leo. Anajulikana hasa kwa kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903, na kwa kazi yake ya kuwafundisha Wajerumani Kiswahili mjini Berlin na baadaye Hamburg. Katika vitabu vya zamani jina lake huandikwa pia Mtoro bin Mwenyi Bakari.

Maisha ya awali

Alizaliwa na kukulia katika eneo la Bagamoyo wakati mji huo ulikuwa mlango mkubwa wa misafara ya bara. Alisoma chuoni kwa namna ya Waislamu wa pwani, akaendelea na elimu ya dini hadi akahesabiwa kuwa mtu wa elimu. Watu wa aina yake walizoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za madeni, mashairi na habari za ukoo. Kwa hiyo Wajerumani walipoingia, hawakukuta lugha ya mdomo tu. Walikuta lugha iliyokwisha kuandikwa kwa muda mrefu, na watu walioweza kuisoma na kuieleza.

Mtoro alifanya pia kazi ya kukusanya kodi kwa ajili ya serikali ya Kijerumani, akasafiri bara. Habari ya safari yake ya Udoe na Uzigua, pamoja na mila za Wadoe, imo katika mkusanyo Safari za Wasuaheli uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Mkusanyo huo una pia safari ya Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia, ambayo labda ndiyo inayosomwa zaidi siku hizi.

Seminari ya Berlin

Mwaka 1887 ilianzishwa mjini Berlin, katika Chuo Kikuu cha Friedrich Wilhelm, Seminari ya Lugha za Mashariki. Ilikusudiwa kuwaandaa maafisa, wanajeshi, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakienda ng'ambo. Zilifundishwa Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kituruki, Kiajemi na nyinginezo, na baada ya Ujerumani kujipatia koloni la Afrika Mashariki, Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizohitajiwa sana.

Haja hiyo ilikuwa ya kweli. Serikali ya koloni iliendesha shughuli zake kwa Kiswahili kupitia maakida na maliwali. Mfano mmoja ni Rufiji. Mohoro palikuwa na boma, na Salale, ndani ya delta, palikuwa na ofisi ya misitu iliyosimamia ukataji wa mikoko, kwa kuwa boriti za Rufiji zilikuwa biashara kubwa na majahazi yalizipeleka Unguja hadi Uarabuni. Ofisa aliyefika mahali kama hapo bila kujua lugha alimtegemea mkalimani kwa kila kesi, kila kodi na kila malalamiko. Asiyeelewa anachoambiwa hawezi kujua kama kimetafsiriwa sawasawa.

Utaratibu wa Seminari ulikuwa kwamba mwalimu Mjerumani alifundisha sarufi, na pembeni yake aliwekwa mtu aliyezaliwa na lugha yenyewe ili kuwazoeza wanafunzi kusema, kusikiliza na kusoma. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kichina, walipoletwa walimu kutoka China, na ndivyo ilivyokuwa kwa Kiswahili. Kabla ya Mtoro walipita Sulaiman bin Said na Amur bin Nasur, wote wawili kutoka Unguja. Mtoro aliitwa mwaka 1900. Mwalimu mkuu wa Kiswahili wakati huo alikuwa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa gavana huko Dar es Salaam. Walimu wazawa walilipwa kidogo kuliko wenzao Wajerumani, nao walihesabiwa kuwa wasaidizi.

Kuwafundisha Kiswahili wasiokizaliwa nacho

Ugumu wa lugha ya kigeni hutegemea mtu anatoka lugha gani. Mchina anayejifunza Kiingereza husumbuliwa na wingi wa majina na nyakati za vitenzi, kwa sababu katika lugha yake neno halibadiliki umbo kwa wingi wala kwa wakati. Linaongezewa neno jingine au linaeleweka kwa muktadha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza pale Kibiti au Ikwiriri hana shida na wazo la wakati, maana vitenzi vyake vina -na-, -li- na -ta-. Yeye hukwama kwenye vile vijineno vinavyotangulia majina katika Kiingereza, ambavyo Kiswahili hakina. (Aliyesahihisha insha za vijana hao kwa miaka mingi hahitaji kuelezwa zaidi.)

Mjerumani aliyekaa mbele ya Mtoro alikuwa na taabu za aina yake. Lugha yake inagawa majina katika jinsi tatu, hivyo wazo la makundi ya majina halikuwa geni kwake. Lakini Kiswahili kina ngeli nyingi zaidi, na kila ngeli huvuta sentensi nzima: kiti kizuri kimevunjika, viti vizuri vimevunjika, mti mzuri umeanguka, maji mazuri yamemwagika. Kanuni yenyewe huweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, ila ulimi hauitii mpaka uzoezwe mara mia. Kisha kuna mnyambuliko wa vitenzi: kupiga, kupigia, kupigwa, kupigana, kupigisha. Mjerumani hutumia maneno mawili au matatu mahali ambapo Mswahili huongeza silabi moja tu.

Msamiati nao una mitego. Kamusi itasema kupiga ni kutandika kwa mkono au fimbo. Mtu akipiga hodi, akipiga mbizi au akipiga ramli, hakuna anayetandikwa. Mambo kama hayo hayamo katika jedwali la sarufi. Anayeyajua ni mtu aliyekua ndani ya lugha, na hapo ndipo kazi ya Mtoro ilipokuwa nzito kuliko cheo chake.

Jambo la tatu lilikuwa ufahamu wa maandishi. Mwanafunzi aliyekwisha kujua ngeli na maneno elfu moja bado aliweza kusoma habari ya arusi ya pwani asielewe kinachotokea: nani anapeleka posa, somo ni nani, kwa nini kungwi anapewa fedha. Maneno yote anayajua na maana haipati. Alihitaji maandishi marefu ya Kiswahili halisi yanayoeleza maisha yenyewe, na maandishi ya namna hiyo kwa herufi za Kilatini yalikuwa machache.

Desturi za Wasuaheli

Haja hiyo ilitimizwa na kitabu kilichotoka Göttingen mwaka 1903 kwa jina Desturi za Wasuaheli na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli. Mwaka huohuo ilitolewa tafsiri yake ya Kijerumani katika kitabu cha pili, hivyo msomaji aliweza kusoma Kiswahili kwanza, kisha kujipima kwa tafsiri. Mwandishi mkubwa wa maandishi hayo alikuwa Mtoro, ingawa wengine pia walichangia. Hata hivyo jina lililowekwa mbele lilikuwa la Velten, aliyekusanya na kutengeneza maandishi kwa ajili ya uchapaji. Kwa muda mrefu kitabu kilitajwa kama kitabu cha Velten, jambo ambalo halikuwa haki.

Kitabu kinafuata maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Kinaeleza majina ya watoto, malezi, chuo, jando na mambo ya wari, posa na arusi, kilimo, ngoma, pepo na waganga, safari za bara, utumwa, enzi ya majumbe, madeni, mirathi na hukumu. Mwandishi anaeleza taratibu bila kuzipamba. Katika habari za utumwa, kwa mfano, anataja tofauti za heshima kati ya mzalia na mtumwa mgeni kama zilivyokuwa, na msomaji wa leo hupata humo mengi kuhusu jamii ya pwani ambayo hayapatikani katika ripoti za maofisa.

Habari zake ni za Bagamoyo na jirani zake hasa. Lakini Mrima ilikuwa na mengi ya pamoja, na msomaji wa Nyamisati, Kibiti au Mohoro atakuta ndani yake majina ya vyeo, vyombo na sherehe ambayo wazee wa Rufiji waliyatumia pia. Kwa upande wa lugha ni hazina. Kiswahili chake ni kile cha kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1930, sentensi zake ni fupi, nazo zinakwenda kama mtu anayesimulia barazani.

Ndoa na safari ya mwaka 1905

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke Mjerumani, mjini Berlin. Ndoa hiyo ilikuwa halali kwa sheria ya Ujerumani. Wakati huohuo hali yake Seminari ilikuwa ngumu. Baadhi ya wanafunzi hawakuwa tayari kumpa Mwafrika heshima anayopewa mwalimu, na watu hao ndio waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala kwao. Aliacha kazi, akaamua kurudi nyumbani pamoja na mke wake.

Mwaka 1905 walisafiri kwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki, ila hawakuruhusiwa kushuka wakaishi pamoja. Serikali ya gavana Gustav Adolf von Götzen iliona kwamba mwanamke mweupe akionekana akiishi katika nyumba ya mume Mwafrika, heshima ya Wazungu mbele ya raia itashuka. Ndoa iliyofungwa kihalali Berlin ikakataliwa mbele ya bandari za koloni la Wajerumani haohao. Mtoro na Bertha walirudishwa Ulaya. Mwaka uliofuata ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni.

Mwaka 1905 ndio uliokuwa pia mwaka wa kuanza kwa Vita vya Majimaji katika milima ya Umatumbi, kusini mwa mto Rufiji. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi Agosti. Mambo hayo mawili hayakusababishana, lakini yanaonyesha serikali ya namna gani Mtoro alikuwa akiiomba ruhusa ya kuingia nchini kwake.

Hamburg na miaka ya mwisho

Mtoro hakurudi tena kuishi Bagamoyo. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 alifanya kazi katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg chini ya Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu, akiwa msaidizi wa lugha ya Kiswahili. Kazi ilikuwa ileile: kuwazoeza wageni matamshi na mazungumzo, na kuwa shahidi wa lugha kwa wataalamu waliotaka kuichunguza.

Baadaye alikaa Berlin. Alijipatia riziki kwa kuzunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki na watu wake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Ujerumani ilikuwa imepoteza koloni, na haja ya walimu wa Kiswahili ilipungua sana. Bertha aliendelea kuishi naye. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Desturi za Wasuaheli ilitafsiriwa kwa Kiingereza na J.W.T. Allen, na tafsiri hiyo ilichapishwa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1981. Safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa mbele kama mwandishi. Mwaka 2009 mtafiti Ludger Wimmelbücker alitoa kitabu kizima kuhusu maisha yake kama mwalimu na mwandishi nchini Ujerumani.