Bibi Titi Mohamed: Kura Huanzia Uani



Kila mwaka tunapowaletea kijarida hiki cha harambee, tunatenga ukurasa wa kumkumbuka mtu ambaye maisha yake yana jambo la kutufundisha. Safari hii tumemchagua marehemu Bibi Titi Mohamed. Tunajua wapo watakaoshangaa. Bibi Titi hakuzaliwa Rufiji, na alipokuja kutuomba kura mwaka 1965 tulimnyima. Tumemchagua tukilijua hilo, na tunaomba msome mpaka mwisho.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Wazazi wake walikuwa Wamatumbi, watu wa milima iliyo kusini mwa mto wetu, majirani na watani wetu wa tangu zamani. Shule aliishia darasa la nne, akaolewa angali msichana mdogo. Kama mtu angepita mtaani kwao miaka ile akitafuta kiongozi wa kesho wa taifa, asingesimama mlangoni kwake. Lakini wanawake wa Dar es Salaam walikuwa wanamjua vizuri. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na sauti yake ilijulikana kwenye maulidi na kwenye sherehe za mjini.

Chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954, yeye na mumewe, Boi Selemani, walikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa. Mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch. Akaonyeshwa viongozi wa TANU, wote wanaume, akauliza wanawake wako wapi. Swali lile liliwabana wenyeji. Ikabidi atafutwe mwanamke wa kuongoza wenzake, na aliyepatikana ni Bibi Titi. Kazi ile alikuwa naye Bibi Tatu binti Mzee na akina mama wengine ambao majina yao hayatajwi sana siku hizi.

Jinsi alivyoifanya kazi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kumweka kwenye ukurasa huu. Hakufungua ofisi akasubiri watu waje. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na vya lelemama, akawaomba wawaite wanachama wao. Vikundi vile vilikuwa na kila kitu ambacho chama kinahitaji: mwenyekiti, mweka hazina, siku ya kukutana, michango, na desturi ya kusaidiana kwenye harusi na misiba. Kilichokosekana ni siasa tu. Bibi Titi akaipeleka siasa uani, mahali wanawake wanapopikia, wanaposukana na wanapopeana habari. Katika miezi michache ya mwaka 1955 wanawake wapatao 5,000 walichukua kadi za TANU.

Tusidhani ilikuwa kazi nyepesi. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na chama, kwa hiyo katika nyumba nyingi mume hakuweza kushika kadi hata kama moyo wake ulikuwa huko. Kadi akashika mke. Wengine waliificha hata waume zao wasijue. Bibi Titi mwenyewe alizunguka mikoani, akahutubia mikutano ya hadhara mbele ya wanaume ambao hawakuzoea kumsikiliza mwanamke akisema juu ya serikali.

Sasa ndugu zetu, liangalieni jambo hili. Uchaguzi wa kwanza ambao TANU ilishiriki kwa nchi nzima ulifanyika kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959. Ili uruhusiwe kupiga kura ulihitaji elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi wa akina mama waliokijenga chama hawakuwa na darasa la nane wala pauni 150. Walitembea nyumba kwa nyumba kuipigania kura ambayo wao wenyewe hawakuruhusiwa kuipiga. TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda viti vyote vilivyogombewa. Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, TANU ikapata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru. Bibi Titi akaingia bungeni, akawa waziri mdogo, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 yeye ndiye akawa rais wake wa kwanza.

Tunafika mwaka 1965, na hapa tunasema juu yetu wenyewe. Ule ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi wananchi waliwekewa wagombea wawili, wote wa chama hicho hicho, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Mwaka ule ule mtu mzito kama Paul Bomani, aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba huko Usukumani, alishindwa Mwanza. Na Bibi Titi, ambaye jina lake lilikuwa kubwa nchi nzima, alishindwa hapa kwetu Rufiji.

Wazee wetu walifanya kosa? Tumejadiliana sana katika kamati na hatukukubaliana wote. Lakini jambo moja tumekubaliana. Mkulima wa bondeni, ambaye miaka saba tu kabla yake asingekuwa na sifa ya kupiga kura, mwaka ule aliingia kwenye chumba cha kura, akamkataa mtu maarufu, na jua likachwea salama. Uwezo ule wa kusema hapana ulitafutwa na Bibi Titi mwenyewe, ua kwa ua. Alitupa mkuki, nasi tukautumia hata dhidi yake. Na yeye aliyapokea matokeo.

Maisha yake baada ya hapo hayakuwa mepesi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, na yeye alikuwa nazo. Akajiuzulu Kamati Kuu. Oktoba 1969 alikamatwa, mwaka 1970 akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikana siku zote kwamba aliisaliti nchi yake. Mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais, akarudi uraiani, na kwa miaka mingi jina lake halikusikika mahali ambapo zamani lilikuwa likiimbwa. Taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, mwaka 1991, alianza kukumbukwa tena. Alifariki dunia Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 5 Novemba 2000. Leo kila Mrufiji anayefika katikati ya Jiji la Dar es Salaam huipita barabara yenye jina lake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi sisi tunachukua nini kwake? Chama chetu cha maendeleo hakina rangi ya siasa, na katika mikutano yetu wanakaa pamoja watu wa vyama vyote. Hatumwambii mtu amchague nani. Tunachosema ni kwamba kura ya karibu zaidi na maisha yetu ni ile ya serikali za mitaa, inayokuja kila baada ya miaka mitano, nayo ndiyo tunayoidharau. Mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yake ndio wanaosimamia ardhi ya kijiji, michango ya shule na zamu za kisima. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Asiyehudhuria asilalamike kwamba hakuambiwa.

Sisi tunaoishi mjini tunaandikishwa na kupiga kura hii kwenye mitaa tunakokaa, si kijijini. Hata hivyo tuna simu, na tuna mama, shangazi na wadogo zetu kule nyumbani. Tuwapigie siku za kuandikisha, kama tunavyowapigia kukiwa na msiba. Vikundi vya kuweka na kukopa, vya maulidi na vya kwaya vipo tayari kila kijiji, kama vilivyokuwepo vile vya mwaka 1955. Na palipo na binti mwenye uwezo wa kugombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji, tumsindikize.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya bweni la wasichana wa sekondari. Wapo mabinti wanaotembea alfajiri umbali mrefu, na masika mto ukijaa hawafiki kabisa. Bibi Titi aliishia darasa la nne akafanya yote hayo. Hatutaki binti zetu waishie njiani kwa kukosa kitanda na paa.

Anayeweza mfuko wa saruji alete saruji, anayeweza bati alete bati, na mwenye elfu moja asione haya, kwani TANU ya akina mama ilijengwa kwa sarafu zilizofungwa kwenye ncha za kanga. Kila mchango utaandikwa, na hesabu zitasomwa hadharani. Karibuni sana.