Mama Susanna Wesley: Nyumba Iliyokuwa Shule



Wamama wengi wa kanisa wanajiuliza: mama ataweza namna gani kuzaa, kupika, kuomba, na tena kuwafundisha watoto wake yeye mwenyewe nyumbani? Wengine wanaona kazi hizi zinapigana, na kwamba ukishika moja itakubidi uache ingine. Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya mama mmoja wa Uingereza aliyezibeba zote muda wa miaka 20. Hakuwa tajiri, na nyumba yake haikukosa kilio. Ni Susanna Wesley, mama ya John na Charles Wesley, walioanzisha Wamethodisti. Kanisa hilo tunalifahamu hapa kwetu Congo, zaidi upande wa Katanga.

Susanna alizaliwa London tarehe 20 Januari 1669. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mchungaji mwenye watoto wengi sana, karibu 25, naye Susanna ndiye kitinda mimba. Shule kubwa za wakati ule hazikupokea wasichana. Alijifunza nyumbani, kati ya vitabu vya baba yake. Mwaka 1688 aliolewa na Samuel Wesley, aliyekuwa mtumishi wa Kanisa la Uingereza, na baadaye wakahamia Epworth, mji mdogo wa mashamba katika jimbo la Lincolnshire.

Mama huyu alizaa watoto 19. Kati yao 9 walikufa wangali wachanga. Mama aliyezika mtoto mmoja anajua uzito wa safari ile ya makaburi. Susanna aliifanya mara 9. Walibaki watoto 10, wavulana 3 na wasichana 7.

Umaskini pia ulikaa kwao. Mwaka 1705 bwana yake alifungwa katika gereza la Lincoln kwa sababu ya madeni. Susanna hakuwa na franka ya kumtumia, basi alivua pete zake akampelekea zimsaidie. Bwana yake alizirudisha.

Sasa tuangalie namna alivyofundisha. Mtoto wa kwanza, Samuel, alichelewa sana kusema, akakaribia miaka 5 bila maneno. Mama alingoja. Alipoanza kumfundisha, mtoto alishika herufi zote kwa saa chache tu. Tangu hapo ilikuwa desturi: mtoto akitimiza miaka 5, siku inayofuata anaanza kusoma. Siku ile kila mtu nyumbani alipewa kazi yake mapema, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia kumsumbua mama. Karibu wote walijua herufi siku hiyo hiyo. Wasichana wawili walihitaji siku moja na nusu. Kisha kitabu chao cha kusomea kilikuwa Biblia, tangu sura ya kwanza ya Mwanzo.

Masomo yalianza saa 3 ya asubuhi mpaka saa 6, tena saa 8 mpaka saa 11 ya jioni. Walifungua kwa kuimba zaburi, walifunga kwa kuimba zaburi. Hakuna msichana aliyetiwa kwenye kazi ya kushona kabla ya kujua kusoma vizuri. Mtoto aliyekiri kosa lake hakupigwa, na kosa lililokwisha kusamehewa halikurudishwa tena mbele yake.

Nguvu zilitoka wapi? Kila siku, asubuhi na jioni, alijitengea saa ya kukaa peke yake mbele ya Mungu. Hakungoja kazi ziishe ndipo aombe, maana kazi za nyumba haziishi.

Usiku mmoja wa Februari 1709 nyumba ilishika moto. Susanna alikuwa na mimba kubwa, akapita katikati ya ndimi za moto. John, mwenye miaka 5, alibaki juu; watu walipanda mmoja juu ya mabega ya mwenzake wakamtoa kwa dirisha. Vyote viliungua. Watoto wakagawanywa katika nyumba za watu, na huko wakajifunza nyimbo mbaya na maneno machafu. Nyumba mpya iliposimama, mama aliwakusanya akaanza upya tangu mwanzo.

Kisha, mwaka 1712, alisoma habari za wamisionari wa Denmark waliokwenda India, na moyo wake ukawaka. Aliona kwamba kufundisha watoto wote pamoja hakutoshi. Akagawa jioni za juma: kila mtoto alipata jioni yake ya kuzungumza na mama juu ya roho yake. John alikuwa na Alhamisi. Miaka 20 baadaye, akiwa mwalimu Oxford, John alimwandikia mama yake akimwomba amkumbuke tena jioni ya Alhamisi kama zamani.

Wakati huo huo bwana yake alikuwa London. Siku ya Mungu, jioni, Susanna alisomea watoto na watumishi mahubiri jikoni. Majirani wakaingia, mpaka wakafika watu 200 hivi. Msaidizi wa kanisa akamshitaki. Bwana yake alipoandika kwamba haifai, Susanna alijibu kwa heshima kwamba kama anataka yaishe, basi amwamuru waziwazi, ili yeye bwana ndiye ajibu mbele ya Mungu. Amri hiyo haikuja.

Wapendwa, hatutawaficha mengine. Susanna aliwafundisha watoto kuogopa fimbo hata kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Jambo hilo hatuwaombi mliige. Wavulana 3 walifika Oxford, lakini wasichana, hata wenye akili nyingi, walikuta mlango umefungwa. Hetty, hodari wa mashairi, alianguka katika kosa mwaka 1725, akaozwa haraka kwa mtu asiyefanana naye, na baba hakumfungulia moyo tena. Masomo ya mama hayakuzuia machozi hayo. Mama anapanda, kumea ni kwa Mungu, na mtoto aliyeanguka bado ni mtoto wa nyumba.

Mwaka 1732, kwa ombi la John, Susanna aliandika kanuni zake zote za malezi. Alikufa London, Julai 1742, mwenye miaka 73, akazikwa Bunhill Fields. Kabla ya kukata roho aliwaomba watoto waliomzunguka kwamba, mara atakapofunguliwa, wamwimbie Mungu zaburi. Wakaimba, sawa vile alivyowafundisha kufungua na kufunga masomo ya kila siku.

Basi mama, usiseme huna shule kwa sababu huna nyumba kubwa wala vitabu vingi. Anza na saa moja yako na Mungu, ukurasa mmoja wa Biblia, na jioni moja kwa kila mtoto. Na sisi wababa tusiwaachie wamama mzigo huu peke yao.

Mungu awabariki. Amina.