Władysław Horodecki: mjenzi aliyeweka nyumba yake rehani

Kanisa la parokia likimalizika, padre aliyelisimamia hukumbukwa, askofu aliyelitabaruku huandikwa kwenye jiwe la ukutani, na wachangiaji husomwa majina siku ya sherehe. Fundi huwa amekwishaondoka. Safari hii tumeona tumzungumzie fundi mmoja ambaye jina lake halikupotea, ingawa si kila alichofanya ni cha kuigwa.

Władysław Horodecki alizaliwa mwaka 1863 katika jimbo la Podolia, ambalo leo limo Ukraine lakini wakati ule lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Ukoo wake ulikuwa wa mabwana wa Kipolandi, Wakatoliki. Alisoma Odesa, kisha akaenda Chuo cha Sanaa cha kifalme huko St Petersburg, akahitimu mwaka 1890 na kuhamia Kyiv. Mji ule ulikuwa unapanuka kwa fedha za viwanda vya sukari, na kijana mwenye ramani nzuri hakukosa kazi.

Alijenga mambo yasiyofanana. Alishiriki kusimamisha jumba la makumbusho lenye nguzo za Kigiriki na simba wawili mlangoni. Aliwajengea Wakaraiti, watu wa asili ya Kiyahudi wasiofuata Talmudi, nyumba ya sala yenye nakshi za Kimoro. Na Wakatoliki wenzake aliwajengea Kanisa la Mtakatifu Nikolaus.

Hapa tukae kidogo. Waamini wa Kyiv walikuwa na kanisa moja, la Mtakatifu Aleksanda, nalo halikuwatosha tena. Yakafanyika mashindano ya michoro, na mshindi hakuwa Horodecki. Alikuwa Stanisław Wołowski. Horodecki alipewa mchoro ule aurekebishe na kusimamia ujenzi, kazi iliyoanza mwaka 1899 na kwisha mwaka 1909. Watu wengi husema kanisa la Horodecki, basi. Sisi tunadhani Wołowski anadhulumiwa kidogo, lakini tunakubali pia kwamba kuchora mnara kwenye karatasi ni jambo moja, na kuusimamisha kwenye tope ni jambo jingine.

Maana kiwanja kilikuwa cha majimaji. Minara miwili ya mtindo wa Kigothi, yenye urefu wa mita 60 hivi, ingezama au kuinama. Mhandisi Anton Strauss alikuwa amebuni njia mpya: mnatoboa shimo refu ardhini, mnashusha bomba, mnamimina zege na kulishindilia huku mkilivuta bomba lile juu kidogo kidogo. Zege likikauka mnabaki na nguzo chini ya ardhi. Kanisa zima lilikalishwa juu ya nguzo za namna hiyo, ambazo hakuna mwamini anayeziona.

Juu ya ardhi, mapambo mengi hayakuchongwa kwenye mawe ghali. Yalifinyangwa kwa saruji na karakana ya Mwitalia Emilio Sala. Tuliosoma Aristotle juzijuzi tungeweza kubishana usiku mzima kama saruji iliyopewa umbo la jiwe ni udanganyifu. Wanaparokia waliowahi kuchangia mifuko ya saruji hawatakuwa na subira na mjadala huo.

Saruji hiyohiyo ndiyo ilijenga nyumba yake mwenyewe, iliyokamilika mwaka 1903 kwenye mteremko mkali wa mtaa wa Bankova. Mbele ina ghorofa tatu, nyuma sita. Kutani na paani wamejaa tembo, vifaru, swala, vyura na nguva. Wako wanaosimulia kwamba aliijenga kwa huzuni ya binti aliyezama majini. Ni hadithi tu. Mtu huyu alipenda kuwinda, na alikuwa mshirika katika kiwanda cha saruji. Hayo mawili yanatosha kuieleza nyumba.

Uwindaji ndio uliomleta kwetu. Mwaka 1911 alifunga safari hadi Afrika Mashariki, katika nchi ambayo leo ni Kenya, na mwaka 1914 akachapisha kwa Kipolandi kitabu cha safari hiyo. Tembo wa saruji walikuwa wamekaa ukutani kwake karibu miaka 10 kabla ya safari hiyo. Gharama zilimzidi. Nyumba akaiweka rehani, deni likamshinda, na mwaka 1913 ikapigwa mnada. Kuua wanyama kwa kujifurahisha hadi kupoteza paa la familia, hilo hatuna namna ya kulipamba.

Mwaka 1920, baada ya mapinduzi na vita, aliondoka Kyiv kwenda Poland. Huko alifanya kazi za kawaida, ukiwemo mnara wa maji wa mji wa Piotrków. Mwaka 1928 akaitwa Uajemi kwenye ujenzi wa reli. Alifariki Tehran tarehe 3 Januari 1930, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Dulab.

Nyumba yake leo ni mali ya serikali, mkabala na ofisi ya rais wa Ukraine. Kanisa lilifungwa na Wasovieti mwaka 1938, likageuzwa ghala la nyaraka, kisha mwaka 1981 likafunguliwa kama ukumbi wa muziki wa kinanda. Tangu mwaka 1992 waamini wamesali humo wakipishana na matamasha. Septemba 2021 moto ulizuka na kuteketeza kinanda. Tarehe 20 Desemba 2024 shambulio la makombora likavunja madirisha, zikiwa zimebaki siku 5 kufika Noeli.